Shairi la Macho Meusi

"Usiliguse daftari la bibi kwa mikono yako ya wino, bwana!" Joan mpishi alifoka, huku akimchuna sungura.

Tobias Harcott alicheka, akakohoa, akaendelea kufunua kurasa akitafuta dawa ya kifua. Mkewe, Honor, aliandika kila kitu humo: mkate wa tangawizi, mafuta ya kuondoa mabaka, namna ya kufukuza nondo.

Kicheko kikamkauka. Baada ya mkate wa matufaha, kabla ya dawa ya kikohozi, palikuwa na shairi. Shairi lake mwenyewe, beti zote nne za kusifu macho meusi, kwa mwandiko wa Honor.

Macho meusi yalikuwa ya Lettice, mjane wa mtaa wa wafumaji. Tobias alimtungia mwaka jana, akampa bila kutia jina, kama wafanyavyo waungwana. Pasaka alimwacha, na tangu siku hiyo kila mchungaji akitaja uzinzi, yeye huinamisha kichwa. Alidhani karatasi ile imebaki chini ya mto wa Lettice. Lakini mashairi ya namna hiyo hayatulii. Huyu hunakili, rafiki yake hunakili kwake, mwezi haujaisha yameenea mji mzima.

Ukurasa ule ulikuwa umechakaa kuliko zote. Maskini Honor! Ameulilia mara ngapi?

"Bibi hajambo siku hizi?" aliuliza polepole.

"Hajambo? Tangu mwalimu Pell aanze kumfundisha kupiga udi, anaimba mpaka kwenye banda la kuku! Jana kausifu uji wangu wa shayiri. Miaka kumi na miwili, bwana, ndiyo mara ya kwanza!"

Anaimba kuficha uchungu, Tobias alijiambia. Alipanda ngazi na daftari mkononi.

Honor alikuwa dirishani akikaza nyuzi za udi. Alipoliona daftari limefunuliwa kwenye ukurasa ule, uso ulimbadilika ukawa kama unga. Tobias akapiga magoti.

"Mke wangu, najua unajua. Umenistahi, hukunitamkia neno. Nimekukosea."

"Umenikosea wewe?"

"Shairi hili nimelitunga mimi. Kila neno. Nilimtungia Lettice, yule mjane. Yamekwisha, naapa. Nipige, nifukuze, lakini usinyamaze tena."

Honor alilichukua daftari, akausoma ukurasa ule tangu juu hadi chini, kidole kikipita mstari kwa mstari, kama mtu anayeusoma mara ya kwanza. Machozi yakamtoka. Tobias aliinamisha kichwa akingoja kofi.

"Nami nilimwuliza Pell aliponiletea shairi hili," Honor alisema mwishowe, "mbona macho yangu ni ya kijivu. Akaniambia mapenzi hayaoni rangi."