Beleshi la Mzee Gwandu

Tangu alfajiri Mzee Gwandu, mwanajeshi mstaafu, alikuwa akichimba kwa beleshi lake la kukunja, pale nyumba ya Mama Paskalina ilipofukiwa na maporomoko. Paskalina, binti wa mama huyo, alikuwa humo ndani.

Adhuhuri nguvu zikamwishia. Kwa mazoea akalilaza beleshi chini ili mwingine aliokote, kama wafanyavyo makaburini mjini hapo, ambako beleshi halitolewi mkono kwa mkono.



"Liokote, mzee wangu," alisema Mama Paskalina. "Hapa hatuziki. Nipe mkononi."

Mzee akainama, magoti yakimuuma, akaliokota, akafuta tope kwenye mpini, akampa. Mama alilishika, lakini vidole vya mzee viligoma kuachia. Wakalizamisha topeni wote wawili.