Sebule ya Mama Pimbi

Pimbi mmoja, mama wa watoto wengi, aliikarabati sebule ya pango lake. Alitandika manyoya laini, akapanga mito, kisha akawakataza wanawe wasiikanyage.

"Hii ni ya wageni," alisema.

Basi familia nzima ikawa inabanana jikoni, baba akila huku mtoto amemkalia kichwani.

Siku moja walimkuta Kenge amejinyoosha sebuleni.

"Bwana Kenge, hapa ni kwetu," Mama Pimbi akamwambia.

"Kwenu? Nimekagua vizuri, mama. Hakuna alama ya unyayo wala punje ya chakula. Chumba hiki hakina mwenyewe, kwa hiyo nimeshahamia."

Mama aliitazama mito yake, akawageukia watoto.

"Haya, ingieni mcheze."

Hawakungoja kuambiwa mara mbili. Mmoja alimwaga uji, wengine wakapigana mito, na kitindamimba akakojoa karibu na pua ya Kenge, ambaye aliondoka bila kuaga.

Mama Pimbi alishika ufagio, akasita, akajitupa palepale chini kwa uchovu.

"Baba watoto," akaita, "hebu njoo ukae. Kumbe huku ni kuzuri."