Hitima ya Mwaka Huu

Mbaruk aliingia na viatu mpaka uani. Salamu aliisahau huko huko Maskati alikopandia ndege.

"Yuko wapi?"

Mama yake, Bi Ghalia, alikuwa anakaanga vitunguu vya pilau. Alimwambia avue viatu. Mbaruk akavua kimoja tu, maana hapo hapo mdogo wake, Hamood, alitokea mlangoni na begi, vumbi la safari ya Mwanza limemjaa mpaka kwenye kope.

"Kumbe umekuja kumwonyesha mteja nyumba," Hamood akasema. Hakumwita kaka.

"Muuzaji si wewe?"

Kila mmoja akatoa simu yake. Ya Mbaruk ilikuwa na barua pepe kutoka kwa Hamood: nyumba hii ya Zinga naiuza, mteja anakuja Alhamisi, na wewe uliyemkimbia ngariba ukajificha kwenye pipa la mchele huna la kusema. Ya Hamood ilitoka kwa Mbaruk: nyumba naiuza, mteja anakuja Alhamisi, nawe kikojozi kaa huko huko na mkeo anayekuburuza.

Na leo ndiyo Alhamisi.

Hamood akaapa kwamba hajaandika. Akafungua zilizotumwa, hamna kitu. Mbaruk akasema kuzifuta hata mtoto anajua, na kwamba yeye alijibu mara tatu, kimya. Hamood akasema hakupata hata moja, na yeye pia alijibu. Kupigiana simu ndiyo hawakuweza: tangu walipogombana siku ya kumzika baba yao, kila mmoja ameifungia namba ya mwenzake.

"Na hilo la pipa umelitoa wapi?"

"Mimi hata sikuwa nimezaliwa."

"Ulisimuliwa, mwongo wewe."

Mbaruk akamkunja shati. Kifungo kikaruka, kikatumbukia kwenye mchele uliorowekwa. Bi Ghalia akakitoa, akakiweka dirishani, kisha akaugonga mwiko kwenye sufuria mpaka wote wawili wakanyamaza.

"Miaka minne mume wangu anasomewa hitima na watoto wa jirani," alisema. "Na mimi nimezaa. Watu wanaingia sasa hivi. Mkipenda, piganeni mbele ya mwalimu."

Hitima. Wote wawili walikuwa wameisahau. Kila mwaka walituma mbuzi na samahani.

Wakakaa jamvini, mmoja mlangoni, mmoja dirishani, wakasoma kwa meno yaliyoumana. Mwalimu alipotaja jina la baba yao, Hamood alilia, Mbaruk akaangalia dari. Sinia lao lilikuja moja. Wakala bila kutazamana, mkono wa huyu ukigonga wa yule. Mbaruk akausukuma mfupa wenye uboho upande wa mdogo wake, bado amenuna.

Siku ikaisha, mteja hakutokea. Asubuhi wakaondoka kwa gari moja, wakitukanana mpaka barabara kuu.

Bi Ghalia akakung'uta jamvi, akaketi, akavaa miwani. Akachukua simu yake, ile ambayo wanawe wote wawili walikuwa wakiiazima wakati baba yao anaumwa, akafungua barua pepe. Juu kulikuwa na sura mbili ndogo za duara, akaunti za wanawe ambazo hawakuwahi kuzifunga. Akagusa ya Hamood, akaanza kuandika barua ya mwakani kwa kidole kimoja.

"Mbaruk, mwizi mkubwa wewe, nimesikia..."