Gari la Kusukumwa

Vikombe sita vya chai vilikuwa tayari kwenye sinia, mlangoni, kabla Mama Mkunga hajageuza ufunguo wa gari.

Alipougeuza, stata ilizunguka, ikazunguka, injini isishike.

"Limegoma tena!" kinyozi alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, povu bado mkononi. "Jamani tokeni! Mtoto wa fundi kanuna!"

Mageti yakafunguka. Mshonaji akaja na futi yake shingoni, mumewe nyuma akipiga miayo, kisha jirani mrefu wanayemwita Nguzo, akikunja mikono ya shati. Fundi alishafika zamani. Kichwa chake kilikuwa kimezama chini ya boneti.

"Fundi, hii injini uliifunga au uliizika?" Nguzo aliuliza.

"Acheni utani. Subirini kidogo." Alipapasa nyaya, akafunga boneti. "Haya, sukumeni."

Wakasukuma. Mama Mkunga, nyuma ya usukani, aliinama kama anayetafuta kandambili. Mkono wake ukaingia chini ya dashibodi, ukairudisha mahali pake fyuzi ya pampu ya mafuta. Akaachia klachi. Gari likashtuka, likakohoa, likanguruma, na watu wakashangilia kana kwamba wamechukua kombe.

Kisha wakanywa chai wakiwa wamesimama, wanakatizana maneno. Kwa robo saa nzima, mlangoni kwake palikuwa na kelele.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la zamani, umri mmoja na mwanawe wa kwanza ambaye sasa anapiga simu sikukuu hadi sikukuu. Mama Mkunga alilikimbiza usiku na mchana kwenda kuzalisha wanawake wa watu, mpaka alipostaafu. Injini yake ya kwanza, ya kabureta, miaka yake ya mwisho haikuwaka asubuhi bila kusukumwa. Ilipokufa kabisa, fundi akatafuta injini ya kisasa kwenye gari lililopata ajali, ile ambayo mafuta yanapulizwa kwa nozeli na kupimwa kwa kompyuta.

Wiki saba fundi hakuinua kichwa. Alichomelea vishikizo vipya, akaweka pampu ndani ya tangi, akaunganisha waya mmoja mmoja. Siku mbili nzima alikaa na kompyuta yake magotini, akiongeza mafuta kidogo, akipunguza kidogo, mpaka injini ikatulia. Aliweka glasi ya maji juu yake ikiwa inanguruma, na maji hayakumwagika.

"Mama, sasa hutamsumbua mtu tena," alisema, meno yote nje. Akamwonyesha na fyuzi zilipo. "Hii nyekundu ndiyo ya pampu. Ikitoka hii, haliwaki hata ulisomee dua."

Wiki nzima gari liliwaka kwa kuguswa tu. Wiki nzima hakutoka mtu. Kinyozi alimpungia mkono kupitia kioo, akaendelea na kichwa cha mteja. Siku ya sita mtangazaji wa redio aliwatakia wasikilizaji asubuhi njema, na Mama Mkunga akajikuta anaitikia, "Nawe pia, mwanangu."

Siku ya saba akachomoa fyuzi nyekundu.

Sasa ulikuwa mwezi wa pili wa kusukuma, na asubuhi hii mshonaji alipuliza chai yake akasema, "Fundi, yule mwenye pikapu ya buluu kaihamishia gereji nyingine. Eti kama haka kadogo kamekushinda, yake utaiweza wapi?"

Wakacheka. Fundi hakucheka. Alitazama ndani ya kikombe.

"Kosa nitalipata tu," alisema. "Kesho nakuja mapema zaidi."

Wengine walipotawanyika alibaki, kama kawaida yake, akasuuza kikombe chake, kisha akasuuza na vya wenzake, kimoja kimoja, bila haraka. Nyuma ya gereji alikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja. Mama Mkunga alimtazama mgongo. Mtu amejenga jina lake kwa mikono miwili, na yeye analibomoa kwa kidole, kila siku, kwa ajili ya robo saa.

Alfajiri aliingia garini peke yake. Akaibana fyuzi mahali pake, akageuza ufunguo. Injini ikawaka hapo hapo, laini, kama ilivyotoka mikononi mwa fundi. Akaizima upesi, asisikike.

"Basi," alijiambia. "Umekula vya kutosha."

Kulipokucha alipita mwenyewe mlango kwa mlango. "Njooni leo mwone kazi ya fundi wangu. Hakuna kusukuma." Waliposimama wote barabarani, fundi alikuwa tayari chini ya boneti.

Mama Mkunga akakaa, akavuta pumzi kama anayeaga, akageuza ufunguo.

Stata ikazunguka, ikazunguka. Injini haikushika.

"Kazi tumeiona!" kinyozi alipiga makofi. Nguzo alicheka hadi akashika kiuno.

Mama Mkunga alipapasa chini ya dashibodi. Fyuzi ipo. Aliibonyeza: imekaza. Akainama zaidi, na kupitia upenyo kati ya boneti iliyoinuliwa na kioo cha mbele akauona mkono wa fundi. Ulikuwa umeshika soketi ya waya wa sensa ya kuwashia injini, imechomolewa. Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akairudishia polepole kwa kidole gumba mpaka ikalia taki.

Boneti ikashuka.

"Leo limegoma vibaya," fundi alisema, akipangusa mikono. "Haya jamani, wote nyuma. Sukumeni!"