Fumbo la Kaka Mmoja

Chaki ilimkatikia fundi saa mara mbili kabla hajamaliza kuandika.

"Baba ana mabinti watatu. Kila binti ana kaka mmoja. Baba ana watoto wangapi?"

Ubao ule ulining'inia jikoni tangu mabinti zake walipojua kushika chaki. Kila Jumamosi asubuhi aliandika fumbo la hesabu, na aliyelipatia alisamehewa kuosha vyombo. Mafumbo yenyewe yalikuwa na kona: kulikuwa na jibu la mwenye haraka, na jibu la aliyesoma swali mara mbili. Ubao huo, alijigamba, ndio uliomfanya mkubwa awe nesi asiyekosea kipimo cha dawa, na wa pili mwanasheria asiyetia sahihi kabla ya kusoma. Kitindamimba, miaka kumi na minane, alikuwa akimshinda hata yeye mwenyewe.

"Kichwa hiki kakitoa kwangu!" aliwaambia wageni. Hapo mkewe alikwenda kuangalia jiko, hata kama halijawashwa.

Leo hakuwa na la kujigambia. Saa sita mchana angebisha hodi kijana wa miaka kumi na tisa, mwanawe wa nje, ambaye nyumba hii haikuwahi kumsikia. Wiki nzima alikuwa akijaribu kumwambia mkewe. Kila akifungua mdomo, yalitoka maneno ya saa mbovu. Mwisho akaona bora ubao umsemee.

"Sita!" nesi alisema, mkate mdomoni.

"Dada, nawe! Kaka ni huyohuyo mmoja. Wanne," alisema mwanasheria. "Baba umezeeka, hili la chekechea."

Kitindamimba aliinamisha kichwa, akasoma tena. "Hapana, lina kona. Huyo kaka ni wa baba, au wa mama peke yake? Swali halijasema." Akamtazama. "Ni wa nani, Baba?"

Fundi alikidaka kifutio. "Basi, hili bovu. Naandika jingine."

"Thubutu!" mkewe alisema kutoka kwenye karo la vyombo.

Sheria aliitunga fundi mwenyewe: swali halifutwi kabla ya kujibiwa. Mkewe alijifuta mikono kwenye aproni. Miaka yote hiyo hakuwahi kujibu fumbo hata moja. Alichukua chaki, akaandika tarakimu moja tu, kubwa.

3.

Fundi aliiangalia. Kosa lilikuwa wazi, na ili kulisahihisha ilikuwa lazima aseme. Shati lilimganda mgongoni.

"Mke wangu, nisamehe. Umemsahau kijana. Yupo kweli. Ni wangu, wa nje. Anakuja leo saa sita."

Nesi aliacha kutafuna. Mwanasheria aliweka kikombe chini pole pole. Kitindamimba peke yake hakumtazama baba. Macho yake yalibaki kwenye ile tatu.

Mkewe hakulia wala hakufoka. Alimsogelea, akamrudishia chaki kiganjani. Ilikuwa imelowa jasho, na jasho lenyewe halikuwa la fundi.

"Kijana nilimhesabu tangu wiki aliyozaliwa," alimnong'oneza. "Wewe hesabu tena mabinti."