Shikamoo ya Konani

Tangu picha ya Bi Kidawa iwekwe kwenye bango la kona ya Mikwaju, hakuna gari lililoanguka pale. Sheria inamtaka kila dereva apunguze mwendo na kuliamkia bango. Sauti ya dereva inafika kwa waya hadi sebuleni kwa Bi Kidawa, naye anaitikia mwenyewe kupitia bango, maana sauti ya kurekodi iliyowekwa mwanzoni madereva waliipuuza.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, baba. Taratibu."

Ni hivyo kutwa nzima. Bintiye, Siwema, alikaa kando yake akivizia magari yapungue. Wenye posa wangefika Ijumaa, na bila neno la mama hapana ndoa.

"Mama, nimepata mchumba."

"Marahaba, mwanangu. Funga mkanda." Macho ya mama hayakubanduka kwenye kioo cha ukutani, kilichoonyesha magari ya konani.

Siwema akajitanda khanga, akaita bodaboda.

"Nipeleke konani, halafu unirudishe."

"Dada, kule kuna nini zaidi ya bango?"

"Wewe nipeleke tu."

Walipofika, bodaboda akapunguza mwendo. Pale juu uso wa mama ulikuwa mpana kama nyumba, ukimtazama Siwema vile alivyotazamwa zamani akiumwa homa.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Siwema. Ijumaa naposwa."

"Marahaba, mwanangu," bango likaitikia kwa upole. "Nenda taratibu. Nyumbani unasubiriwa."

Siwema akafungua kinywa aseme tena, lakini lori la nyuma yao lilikuwa limeshaanza kuamkia.