Kona ya Kolbeck

Kwa madai ya Bi Gladys, jirani, Wes Kolbeck alipomwona kijana Taras akikata kona kwenye barafu mbele ya goli, kikombe cha kahawa kilimponyoka mkononi.

"Alibadilika rangi," aliwaambia wanawake waliokuwa wakikaanga viazi kwenye jiko la kiwanja, wakati wa mapumziko. "Mtu habadiliki rangi hivyo mpaka aone damu yake."

Hakuna aliyembishia. Mama yake Taras alizaliwa mwaka uleule Kolbeck alipoondoka mji wao wa Vesna kwenda kucheza hoki ya barafu ya kulipwa. Na bibi yake Taras, Olena, huzima televisheni kila Kolbeck anapotokea. Watu walishajumlisha wenyewe.

Kipindi cha mwisho kilipoanza, Fennimore, msaka vipaji wa timu ya kulipwa, aliketi nyuma ya kioo pamoja na wazee. Walikuwa kwenye kazi yao ya kila Jumamosi, kuwapima vijana kwa magwiji. Kipa huyu analala kama yule wa enzi zile. Beki yule anasukuma watu kama trekta, babu yake mzima. Kwa Taras hapakuwa na mjadala.

"Kolbeck mtupu," alisema mzee mmoja. "Bega la kushoto linashuka, mguu wa nje unabeba mzigo, kipa anabaki anasalimia hewa."

Kona ile kila mtoto wa Vesna aliijua. Jezi ya Kolbeck ilining'inia juu ya barafu, na kwenye televisheni mwenyewe husema aliibuni peke yake.

Olena alikaa safu ya mbele, blanketi magotini. Kila mara kidole chake kilipogonga ubao wa ukingo wa barafu, Taras alikata kona. Waliomwona walidhani anatetemeka kwa baridi.

Mchezo ulipokwisha, Fennimore alimwita kijana. "Nafasi unayo. Jumatatu tutawaambia waandishi umejifunza kwa kumtazama Kolbeck. Mtapiga picha pamoja."

"Sikujifunza kwake."

"Acha hizo, bwana mdogo. Hata kipofu anaona."

"Nimejifunza kwenye bwawa letu. Katikati kuna nguzo ya uzio wa zamani, inaganda humo kila mwaka. Ukienda moja kwa moja inakung'oa meno."

Wazee walicheka. Fennimore hakucheka. "Timu yangu haichukui waongo. Sema ulimwiga, au rudi kwenye nguzo yako."

Taras alitazama viatu vyake vya barafu. Tangu aanze kutembea hakutaka kitu kingine ila nafasi ile.

"Basi nitarudi," alisema.

Fennimore akamgeukia Olena. "Bibi, msaidie mjukuu wako. Anatupa bahati."

"Ameshasema. Mjukuu wangu hajamwiga mwanamume yeyote."

"Na Kolbeck mwenyewe je?" Bi Gladys alichokoza kutoka nyuma, sahani ya viazi mkononi. "Hana la kumwambia kijana, baada ya miaka yote hii?"

"Yule pale mlangoni," Olena alijibu. "Ana mdomo, muulize."

Kolbeck alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Watu wakampisha. Alipita mbele ya Taras bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwa Olena, akapiga goti polepole, kama watu ambao barafu imeshawamaliza magoti. Bi Gladys akawakonyeza wenzake: si niliwaambia?

"Olena," Kolbeck alinong'ona. "Kijana nitamtetea mwenyewe, atapata nafasi. Na wakitaka kusema binti yako ni wangu, waache waseme, sitakana. Ila nakuomba, usiwaambie ni nani aliyenifundisha kuizunguka ile nguzo."

Kidole cha Olena kikagonga ubao.